Lekhooa Arudi Juu ya Farasi

Watu wa kijijini walidhani farasi ndiye mgonjwa. Lekhooa, ambaye zamani hata kwa jirani alikwenda juu ya farasi, sasa alitembea kwa miguu huku akimvuta kwa kamba. Walimtania, naye akacheka nao. Lakini moyoni alikuwa na hofu. Kila akienda haja kubwa alitoka damu, na kinyama kilichomoza nje kisha kikarudi ndani. Akipanda farasi, suruali ililoa damu.

Mkewe, Mamosa, aliiona suruali hiyo alipokuwa akifua. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kesho wanakwenda zahanati, wote wawili.

"Nimvulie nani suruali, mke wangu? Yule nesi ni rika la binti yetu."

"Utamvulia huyo huyo. Au unataka nikuzike pamoja na aibu yako?"

Nesi Nthati alimsikiliza bila kucheka. Alieleza kwamba si kila damu ya chooni ni bawasiri, ndiyo maana ni lazima mtu achunguzwe. Akamwandikia aende hospitali ya wilaya. Huko daktari alimpima, akakuta ni bawasiri ya ndani. Lekhooa aliuliza kwa sauti ndogo kama atapasuliwa.

"Hapana, Ntate, baba yangu. Nitakuchoma sindano ya dawa juu kidogo ya uvimbe. Uvimbe utanyauka, na damu itakoma. Hapo maumivu ni kidogo. Leo leo utalala kwako."

"Na haitarudi?"

"Wengi hupata nafuu. Wengine hurudiwa baada ya muda, tukawachoma tena. Ukipata homa, ukitoka damu nyingi, au mkojo ukikataa kutoka, njoo upesi. Kunywa maji, kula mboga na maharage, wala usijikamue chooni."

Sindano ilipoingia alihisi uzito tu, kama mtu aliyebanwa na haja. Nyumbani Mamosa alimjazia sahani mboga, naye akanung'unika kwamba anamlisha kama mbuzi. Lakini alikula. Damu ilipungua, kisha ikakoma.

Siku ya harusi ya mpwa wake, Lekhooa aliingia juu ya farasi, blanketi lake la sherehe begani, na wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakamwuliza amempa farasi dawa gani.

"Nilikuwa na bawasiri," akasema waziwazi. "Nikachomwa sindano huko huko nyuma."

Wakaangua kicheko. Kilipotulia, wawili kati yao walimvuta kando, wakamwuliza taratibu daktari aliyemchoma hupatikana siku gani.