Kisutu Alichokigawa Mwatima

Walionana mara ya kwanza sokoni Chake Chake, mwaka 1959, msimu wa karafuu, soko limefurika watu. Nassor, fundi wa baiskeli wa Ole, alikuwa akikokota baiskeli ya mteja, gurudumu likaukumba mkoba wa mwanamke mmoja. Maua ya asumini na vilua yakamwagika chini.

"Lo! Nisamehe, dada, sikukuona."

"Si kitu. Makosa yangu mie, nimesimama njiani."

Hakuwa amesimama njiani. Nassor alilijua hilo, na ndilo lililomfanya amtazame vizuri. Buibui lake limechuja, visigino vimepasuka, lakini mikono yake inanukia kuliko soko zima.

Huyo ndiye Mwatima, aliyewasinga maharusi wa Chake, akiwasugua mwili kwa singo la maua, liwa na karafuu. Yeye mwenyewe hakujipaka hata mafuta tangu mwanawe Pandu alipofariki kwa degedege miaka mitatu nyuma. Homa ilipompanda mtoto, mama alikuwa nyumba ya harusi, anasinga mtoto wa watu. Mumewe alimwuliza, "Ulikuwa wapi?" kisha akamwacha. Swali hilo Mwatima akabaki kujiuliza kila siku.

Nassor hakukosa sababu ya kupita mtaani kwake.

"Bi Mwatima, nimekuja kuyatazama maua kama yamepona."

"Maua n'shayasaga. Mwanamme weye huna kazi?"

"Ninayo. Ndiyo hii."

Mwatima akacheka, mara akaziba mdomo kwa kanga, kama aliyeiba kitu.

Baada ya wiki chache Nassor akampelekea doti ya kisutu, kanga ya maharusi. Nani kisiwani asiyejua maana ya mwanamume kutoa kisutu? Ijumaa iliyofuata akamwona sokoni Bi Mize, jirani yake Mwatima, amejitanda kisutu kile kile, na doa la gundi ya viraka ambalo vidole vya Nassor mwenyewe vililiacha pembeni.

"Kakupa nani, Bi Mize?"

"Mwatima. Kasema yeye hakimfai."

Nassor aliumia sana. Akarudi Ole, na mtaa ule hakuupita tena.

Mwezi ukapita. Bi Mize, ambaye kunyamaza hakukujua, alipopata habari kamili kuwa kisutu kile kilikuwa cha posa ya Nassor, akaingia kwa Mwatima na kisutu mkononi.

"Chukua nguo yako! Kijana wa watu kakuposa, weye wanivisha mie ajuza?"

"Sistahiki, Bi Mize. Mwanangu kafa, mie niko harusini."

"Ulipotoka asubuhi alikuwa na homa?"

"Alikuwa akicheza."

"Basi bi harusi angekulilia kwa jambo kama hilo, ungemwambiaje?"

Mwatima akamfikiria bi harusi huyo. Angemfuta uso. Angemwambia, mwanangu, hiyo ni kadari, hukumuua weye. Miaka mitatu maneno hayo hakujiambia hata mara moja. Alilia mpaka adhuhuri, na Bi Mize hakumnyamazisha.

Siku ya pili akasaga singo, na harusi hapana. Akajipaka mwenyewe, taratibu, shingo, mikono, na vile visigino vilivyopasuka, kwa mkono ule ule mwepesi aliowapa watoto wa watu.

"Pole, Mwatima," akajiambia kwa sauti. "Pole, mama."

Kulipokucha akashika njia ya Ole, Bi Mize nyuma yake. Nassor alikuwa ameinamia mnyororo. Harufu ikamfikia kwanza, kisha akamwona amejitanda kisutu.

"Kumbe chakufaa?" akauliza, bado ana uchungu.

"Sikukukataa weye, Nassor. Nilijinyima mie. Nilijiona sifai kupewa kitu kizuri."

Nassor akaweka chini spana. "Na leo?"

"Leo nenda kwa kaka yangu Soud, ukaseme naye. Lakini ujue, ziko siku n'tamlilia Pandu, hata singo sitaweza kusaga."

"Siku hizo n'tasaga mie. Nifundishe tu."

"Na mikono hiyo ya grisi?"

Mwatima akacheka, machozi yakimtoka, na safari hii hakuziba mdomo.