Nilimuuza Kipa Wangu kwa Chai na Chapati

Nina miaka ishirini na saba, mhitimu wa chuo kikuu, na kila nikimwona kipa akiruka nasikia kichefuchefu. Si yeye anayenichefua... ni mimi!

Nilirudi kwetu Mkunya, Newala, na shahada yangu kwenye bahasha, wakati huu wa ruksa, kila mtu ajitafutie, ambapo serikali imeacha kuajiri kila anayehitimu. Chuoni nilikuwa kipa, basi nikaanza kuwafundisha makipa wa kata. Watu walinicheka sana. "Msomi mzima, kazi yake kuwarushia watu mipira!"

Lakini nilipanda. Timu ya Newala mjini ikanichukua, chini ya kocha mkuu, Mwalimu Nandonde.

Wasomaji wenzangu, kocha wa makipa ni kupe. Kocha mkuu akihama, anahama naye. Akimsahau, kwisha kazi. Niliwaza hilo nikila, nikioga, nikiwa kwenye foleni ya maji. Nandonde akinisalimia kwa ufupi, nilijiuliza siku nzima nimemkosea nini.

Kipa wangu aliitwa Hamisi, wa Mnyambe. Alikuwa hodari, ila mpira wa juu ulimtia kigugumizi: nitoke au nisitoke? Nikamtungia maneno mawili. Nikiita "Mkunya!", maana yake nyumbani, baki kwenye mstari. Nikiita "Lupaso!", huko mbali Masasi, maana yake toka, ukaupige ngumi. Wapinzani walidhani tunataniana tu. Hata Nandonde hakujua siri hiyo.

"Mwalimu, wewe ndiye macho yangu," Hamisi aliniambia. Nilimzoesha kutii sauti kabla ya kutazama.

Ndipo mnunuzi mmoja wa korosho, wa hawa binafsi walioingia na soko huria, alipoanzisha timu Masasi. Nandonde akahamia huko. Wiki moja kabla ya kucheza nao, akaniita mgahawani, akaniagizia chai na chapati mbili.

"Mdogo wangu, nafasi ya kocha wa makipa nimekuwekea," alisema. "Ila nione kwanza kama uko upande wangu. Ile Mkunya na Lupaso unayompigia kelele Hamisi, maana yake nini?"

Nilijua anataka nini! Nilijua pia kwamba wachaguzi wa timu ya mkoa wangekuja kumtazama Hamisi siku hiyo hiyo. Niliwaza mara kumi... kisha nikamwambia. Nikamalizia na chapati ya pili.

Siku ya mechi, mtu nisiyemjua alisimama nyuma ya goli letu. Kona ya kwanza ikapigwa. "Lupaso!" mtu yule akapaza sauti, akiiga yangu. Hamisi akachomoka, mpira ukampita juu ya kichwa, wakafunga kwenye goli tupu. Kipindi cha pili mshambuliaji wao akabaki peke yake na mpira. Nikaita Lupaso mpaka koo likakauka, lakini yule mtu wa nyuma ya goli alikuwa karibu naye zaidi. "Mkunya! Mkunya!" Hamisi akaganda kwenye mstari. Mbili bila!

"Kauza mechi huyo!" mashabiki wetu walipiga kelele. Walimvua glovu, wakamtemea mate. Alinitazama mimi niliyekuwa macho yake, akisubiri nimtetee. Nikainama kufunga kamba za viatu... viatu ambavyo havikuwa na kamba!

Wachaguzi waliondoka bila kumuuliza hata jina.

Wiki iliyofuata nikaenda Masasi na begi langu. Nandonde alicheka mbele ya wachezaji wote.

"Hamisi ulimuuza kwa chai na chapati. Mimi utaniuza kwa nini, msomi? Kwa kitumbua?"

Nilirudi Newala siku hiyo hiyo.

Hamisi hachezi tena. Analima mikorosho ya baba yake. Juzi tulikutana sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia marahaba nikijifanya nachagua nyanya.

"Mwalimu, siku ile... ni mimi niliyeisikia vibaya sauti yako?"

Kumbe amejilaumu muda wote huu! Na mimi, mbwa mimi, nilijibu, "Labda ulisikia vibaya, Hamisi. Kelele zilikuwa nyingi."

Ndiyo maana naandika haya. Ndugu msomaji, ukiaminiwa na mtu hata akaacha kutumia macho yake mwenyewe, usimfanye ngazi ya kupandia. Nakusihi! Juu ya ngazi hiyo hakuna kazi, kuna kicheko tu.

Na wewe Hamisi, kama gazeti hili litafika Mnyambe: masikio yako hayakukosea. Sauti ile niliiuza mimi.