Wa Mwisho Kuingia Atoke Kwanza

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Basi hata mimi niliapa, tena mbele ya msahafu, na tazama, mdomo umeshafunguka.

Ilikuwa mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Abbasi, fundi cherehani wa Ng'ambo, alikubali kwenda Usinge na mkewe Sikuzani, mwenye mimba changa. Mama yake Abbasi, Swaumu, angebaki peke yake, na jambo hilo lilimkaa kooni. Mchana mmoja cherehani ikaanza kujiendesha yenyewe, inashona hewa. Kesho yake Sikuzani akajing'ata mkono mpaka mfupa ukaonekana.

Wakaja waganga. Kila mmoja alimfukuza jini aliyemkuta juu, na chini yake akainuka mwingine, mkali zaidi, akimbamiza binti wa watu ukutani. Ndipo akaletwa bibi Mwanahawa. Huyo akasema wenzake wamevuruga kazi: majini hawa wameitana, mmoja kamwita mwenzake, mwenzake kamwita mwingine. Wa mwisho kuingia atoke kwanza, na kila mmoja akitoka aseme kaitwa na nani.

"Tukishuka hivyo," akanong'ona, "chini kabisa tutamkuta mtu."

Akatuonya sisi wanawake tuliojaa uani tusiitikie salamu yoyote. Hakutuambia kwamba aliyemwita jini hawezi kujizuia kuitikia salamu ya jini huyo.

Adhuhuri, udi ukifuka, wa kwanza akatoka kwa sauti ya mzee, akasema kaitwa na wa kisimani; wa kisimani akamng'oa Sikuzani meno, akasema kaitwa na wa jikoni; na huyo wa jikoni, alipobaki peke yake, akamwinua Sikuzani kwa nywele pasipo mkono kuonekana, akamtupa juu ya mafiga, akamwinua tena, damu ikimchuruzika miguuni na Abbasi akilia mlangoni, kisha sauti ikalainika, ikawa ya mtoto mwenye adabu:

"Shikamoo, mama."

Kila mmoja kabana midomo. Swaumu akajiziba kinywa kwa khanga, lakini neno likapenya.

"Marahaba, mwanangu."

Ua mzima ukageuka.

"Mama?" akasema Abbasi.

"Nilitaka amtishe tu, msiende."

Mwanahawa akamvuta khanga. Kumbe muda wote ule, humo ndani, Swaumu alikuwa anajichanja kiganja kwa wembe na kudondosha damu yake chini, amlishe jini asimtaje. Na mbele ya macho yetu wote wembe ulikuwa bado unakata.