Macho Mbele ya Mkwe

Soko la Kyela siku ya mnada halina adabu. Tusajigwe alikuwa amesimama mbele ya gunia la mchele wa Ngonga, mkono kiunoni, kitenge chake cha bluu kimemkaa sawasawa, akivutana na muuzaji, alipogundua kuna mwanaume pembeni naye kaweka mkono kiunoni. Akahamia mguu wa kulia. Yule naye akahamia. Akajikuna shingo. Yule naye akajikuna.

"Kaka, una matatizo?"

"Ninalo moja. Sijui jina lako."

"Ndiyo uniige kama nyani?"

"Siigi, nakufuata. Ukimfuata mtu kwa mkao na pumzi yake, anakuona wa kwao. Ndiyo kazi yangu, dada. Inaitwa NLP, elimu ya kumsoma mtu kwa maneno, mwili na macho yake. Nafundisha watu wa maofisini kusemezana na wateja, kuondoa woga, kazi ikaenda."

"Na inafaa kitu?"

"Umeshatabasamu."

Alikuwa ameshatabasamu kweli, na ndicho kilichomuudhi. Huyo ndiye Anyosisye: shati jeupe, viatu vinang'aa katikati ya tope. Kwao Ipyana, lakini kalelewa Dar es Salaam kwa mama mkubwa, akarudi na cheti na Kinyakyusa cha kuombea maji.

Kumbe alikuwa amekuja kufundisha kampuni ileile ya kokoa ambako Tusajigwe alisimamia wakulima. Alimfundisha vizuri, tusimnyime haki yake. Mkulima anayesema "naona", mweleze atakachokiona. Anayesema "nasikia", mpe cha kusikia. Kabla ya kikao kigumu, bana kidole gumba na cha shahada, ukumbuke siku uliyofaulu. Tusajigwe akaenda Njisi kwa wakulima waliokuwa wameigomea kampuni mwaka mzima, akarudi wamekubali. Ofisini wakaanza kumtaja kwa cheo cha mkuu wa kitengo.

Na simu zikawa haziishi.

"Tusa wangu, umekula?"

"Nimekula ndizi."

"Sauti yako leo iko chini. Na mimi naishusha yangu."

"Acha kunifundisha, Anyo. Nipende tu."

"Nafanya yote mawili, mama."

Mshenga akaja, posa ikapokelewa. Tangu siku hiyo Mzee Zebedayo, baba yake Anyosisye, akawa mkwe. Kwenye familia zilizoshika mila za Kinyakyusa, binti hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, na wakikutana njiani anampisha mbali. Tusajigwe alilelewa na bibi yake, akaishika mila hiyo kwa moyo wote. Anyosisye aliwaona wakipishana, akadhani ni aibu za uchumba.

Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Orodha ya wakulima wa kampuni ikaonekana mikononi mwa washindani wao. Meneja, Bwana Sylvester, akaitisha kikao na kumwomba Anyosisye akae awasome watu nyuso. Mzee Zebedayo naye alikuwamo, maana ndiye mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima hao.

"Tusajigwe, orodha ulimkabidhi nani?" meneja aliuliza.

Alimkabidhi mwenyekiti. Lakini mwenyekiti ameketi hatua mbili kutoka kwake, na kumtia mkwe hatiani mbele za watu ni jambo ambalo kinywa chake kilikataa. Akainama, macho akayapeleka ukutani.

"Naomba niseme nje, bosi. Mimi na wewe tu."

Meneja akamgeukia Anyosisye. "Mtaalamu, unaonaje?"

"Macho yanakimbia," Anyosisye alisema. "Anatunga. Asipewe muda wa kupanga maneno."

Tusajigwe akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Wiki tatu baadaye, Mzee Zebedayo alikumbuka kuwa orodha alikabidhiwa yeye, akaisahau msibani, akaenda mwenyewe kwa meneja kukiri. Tusajigwe akarudishwa kwa barua ya mistari mitatu. Cheo alikuwa ameshapewa Doreen, mwenzake wa ofisini. Hasira aliyokuwa nayo ilimnyima hata hamu ya chakula.

"Mpenzi, nisamehe," Anyosisye alisema kwenye simu. "Sikuijua ile mila."

"Hukuniuliza."

"Utaalamu ulionyesha kwamba..."

"Utaalamu haukuniposa, Anyo. Uliniposa wewe."

"Nifanye nini, Tusa?"

Tusajigwe akaishusha sauti hadi ikalingana na ya mwanaume huyo, laini, ya pole. "Jumamosi una semina yako kubwa. Nialike."

Anyosisye akashukuru mara tatu. Masikini, hakujua anashukuru nini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wageni kutoka Mbeya walikuja kumpima kama wampe kazi ya mwaka mzima, na wazee wa ushirika walikaa mstari wa mbele. Anyosisye alipoomba mtu mmoja wa mfano, Tusajigwe aliinuka na gauni lake jekundu, akapita mbele ya wazee akitazama ukuta.

"Leo nauliza mimi," alisema, akaketi kama alivyoketi yeye, akavuta pumzi kama alivyovuta yeye. "Siku ya kikao niliomba kuongea nje. Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Uliniamini?"

Anyosisye akatazama sakafu.

"Jamani, macho yamekimbia. Kwa mafunzo yake mwenyewe, huyu anatunga. Wageni wetu, mwandikeni hivyo."

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja wa ushirika akasimama nyuma. "Binti, siku hiyo mkweo alikuwapo?"

"Alikuwapo, mama. Hatua mbili."

Wanawake wakaguna. "Sasa wewe mwalimu," mama yule akamuuliza Anyosisye, "ulitaka atazame wapi?"

Wageni wa Mbeya walifunga madaftari yao mmoja baada ya mwingine, na Tusajigwe alikuwa akiwahesabu. Kisasi kilikuwa kitamu, asikudanganye mtu. Alitamani wangekuwa na madaftari zaidi.

Anyosisye akamsogelea. "Umenimaliza, Tusa. Haya, tumelingana. Tuanze upya, mpenzi. Bado nakupenda."

"Na mimi nakupenda," alisema, na machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha akamwacha pale, akaenda hadi mstari wa mbele, akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu posa akamtazama Mzee Zebedayo usoni, ndevu zake za mvi, macho yake mekundu ya uzee.

"Shikamoo, Mzee Zebedayo."

Mzee aliivua kofia, akaiweka magotini.

"Marahaba, Tusajigwe," alisema. "Ndaga, asante, mwanangu. Uliniheshimu mpaka ukaumia."

Tusajigwe akafuta uso kwa kiganja na kutoka nje.

"Baba," Anyosisye aliuliza, "mbona leo amekutazama?"

"Kwa sababu mimi si mkwe wake tena," mzee alimjibu.