Saa Mbili ya Ndia Kuu

Mzungu alikimbia kama asiyejua vichochoro vya Mji wa Kale. Kona ya tatu ikamfikisha ukutani.

Jasusi Kitsao akamwekea bastola ya Browning kisogoni.

"Tulia."

Mfukoni mwa Mzungu mlikuwa na bastola na kijikaratasi: AWADH. NDIA KUU. SAA 2.

Kitsao akatazama Seiko yake. Saa nane na dakika kumi mchana.

Awadh, shahidi dhidi ya wauza silaha, alipita mtaa wa Ndia Kuu saa mbili asubuhi, salama salimini. Kitsao alirudi kuifunga tu nyumba ya Ndia Kuu aliyopitia shahidi, akamkuta huyu mlangoni. Muuaji alichelewa saa sita nzima.

Mtu wa Mombasa haisomi saa mbili akaja saa nane. Siri haikutoka kinywani mwa mtu wa ofisini. Mgeni aliisoma ndani ya kompyuta ya ofisi, ilimoandikwa "saa 2" tu.

Na jana, kwa siri zilizokuwa zikivuja, Kitsao alimfukuza karani Mwanakuu mbele ya ofisi nzima. "Msaliti!" alimwita. Mama wa watu akavaa buibui lake, akatoka.

Programu ya kufungia siri aliileta Kitsao mwenyewe, disketi ya zawadi kutoka kwa fundi wa kigeni, Becker. Ndani mmeandikwa nini, hakuna aliyejua. Yeye ndiye aliyetia sahihi itumike. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na disketi, nusura mwenyeji azikwe. Aliona haya hata mbele ya mateka.

Akashika redio yake ya Motorola, akamwita msaidizi wake ofisini.

"Oloo, andika kwenye kompyuta: Awadh, Makadara, saa 4."

"Saa nne imepita, mkuu."

"Yetu imepita. Yao bado."

Saa kumi kamili Becker alishuka garini Makadara na wenzake wawili. Wakatiwa pingu hata mlango wa gari haujafungwa.

"Kazi safi, mkuu!" Oloo akasema.

Kitsao alikuwa ameshageuka. Alikwenda nyumbani kwa Mwanakuu.

"Hodi."

Mlango ukafunguliwa nusu.

"Nisamehe, dada. Si wewe. Ni programu."

"Umejuaje?"

"Saa. Walisoma saa mbili kizungu. Wewe huwezi kukosea hivyo."

Mwanakuu alimtazama sana.

"Mwaka wa tisa huu twafanya kazi pamoja, Bwana Kitsao. Disketi uliiamini kwa siku moja tu. Mimi wangoja saa inishuhudie?"

Mlango ukafungwa taratibu.

Kitsao akavaa miwani yake ya jua, na jua lilikuwa limeshatua, akashika njia.