Mwenye Nyumba Ameandikwa Mgeni

Mama Mkunga alikuwa amestaafu kazi ya ukunga miaka miwili iliyopita. Aliishi kwa binti yake, karani wa posta, na mkwewe, fundi bomba. Mkwewe huyo mtaa mzima ulimwita Chaja, kwa sababu hakuna mfuko wa suruali yake uliokosa waya.

Chaja alikuwa mtu mwema. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: vifaa. Akisikia kifaa kipya kimeingia mjini, hatulii. Nyumba yake ilikuwa na saa inayosema, taa inayowaka na kuzimika ukipiga makofi, na mashine ndogo ya kufagia iliyozunguka sakafuni peke yake. Siku moja mashine hiyo ilisomba kandambili za Mama Mkunga ikaenda kuzificha chini ya kitanda. Siku nyingine wageni walimpigia makofi mtoto aliyekuwa akiwaimbia, taa ikazimika, wote wakabaki gizani wakicheka.

"Mwanangu," Mama Mkunga alimwambia binti yake, "mume wako angekuwa mwanamke, angejifungua redio."

Kisha mwizi akaruka ukuta, akaiba mashine ya Chaja ya kukatia mabomba. Wiki hiyo hiyo Chaja akanunua kamera. Duka likamtuma fundi wa kuifunga, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya upole. Aliiweka sebuleni, juu ya kabati.

"Hapa itaona mlango na dirisha kwa pamoja," alisema. "Nitaisajili kwenye simu yangu kwanza, kisha nikuunganishe na wewe. Ndiyo njia ya haraka."

Chaja alikubali kwa furaha. Mama Mkunga alikuwa jikoni akichambua mboga. Hakuna aliyemuuliza lolote. Jioni aliitazama ile kamera, akauliza, "Hilo jicho linaangalia nini?"

"Wezi, Mama," Chaja alijibu.

"Na sisi je?"

"Sisi si wezi, Mama."

Walicheka, yakaisha. Ndivyo walivyodhani.

Mwezi ukapita. Jumamosi moja asubuhi Mama Mkunga alikwenda dukani kununua sabuni. Wanawake wawili waliokuwa wakizungumza walinyamaza alipofika. Mmoja alijiziba mdomo kwa kiganja. Muuza duka alimpa sabuni, akasema, "Mama, leo tufue au tusifue?"

Wale wawili walishindwa kujizuia. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mnacheka nini?" aliuliza Mama Mkunga.

Muuza duka alisita. Kisha akageuza simu yake ili naye aone.

Mle ndani ya simu alijiona mwenyewe. Alikuwa ameketi sebuleni, akionekana kutoka juu ya kabati, kanga imefungwa kifuani, mabega wazi, magoti wazi, akijipaka dawa ya maumivu. Alikuwa akimgombeza mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni. "Jana ulisema mvua, nikaacha kufua," alikuwa akisema. "Jua likawaka kutwa nzima. Leo umerudi umevaa tai, huna hata haya." Chini ya video mtu alikuwa ameandika: "Bibi amtoa jasho mtangazaji." Maelfu ya watu walikuwa wameitazama.

"Usikasirike, Mama," alisema muuza duka. "Inachekesha tu."

"Magoti ya nani hayo?"

Muuza duka aliishusha simu.

"Nimekuuliza. Ni ya nani?"

"Ni yako, Mama."

"Nani alikupa ruhusa ya kuyatazama? Na umewatumia wangapi?"

Muuza duka aliinamisha kichwa. Mama Mkunga aliiacha sabuni juu ya meza, akaondoka. Njiani aliona kama kila dirisha lina macho. Alikuwa amepita mtaa huo miaka mingi, watu wakimsalimia kwa heshima. Leo aliharakisha kama mtu aliyeiba.

Alipofika nyumbani alitwaa kitambaa cha jikoni, akaifunika kamera. Kisha akaanza kutia nguo zake kwenye begi.

Binti yake alimkuta chumbani. "Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yako. Siwezi kukaa nyumba moja na mkwe aliyenianika mitandaoni nikiwa na kanga kifuani. Mkwe wangu. Mtu ambaye hata miguu yangu hapaswi kuiona."

Binti yake hakuelewa. Mama Mkunga alimweleza yaliyotokea dukani. Binti aliitafuta video ile kwenye simu yake, akaipata upesi mno. Aliketi kitandani, akaitazama mpaka mwisho.

Chaja aliingia wakati huo, viatu vimejaa tope la kazini. Mkewe alimwonyesha video. Uso wake ulibadilika.

"Mama, si mimi. Niape kwa kitu gani uniamini?"

"Usiape. Nijibu tu. Kamera ni ya nani?"

"Yangu."

"Simu inayoiona kamera ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi video ni ya nani?"

Chaja aliitoa simu yake mfukoni, akaitazama. Mkewe alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza hakujua asimame upande gani. "Mama, nipe nusu saa tu," alisema. "Namwita Mama Pacha. Akishindwa yeye, nitakubebea begi mwenyewe."

Mama Pacha aliishi nyumba ya tatu. Alikuwa fundi wa kompyuta katika zahanati, na mapacha wake wote wawili walipokelewa na mikono ya Mama Mkunga. Alikuja mbio, glovu za kuoshea vyombo bado mkononi.

"Kwanza, msichomoe kitu na msifute kitu," alisema. "Shemeji, nifungulie programu ya kamera kwenye simu yako."

Chaja aliifungua. Mama Pacha alibonyeza hapa na pale mpaka akafika kwenye ukurasa wa watumiaji. "Haya, soma kwa sauti."

"Mmiliki," Chaja alisoma, kisha akataja namba ya simu. "Mgeni," akasoma tena, na hapo likafuata jina lake.

"Hiyo namba ya mmiliki ni ya nani?"

Chaja alitafuta kwenye simu yake. "Ni ya yule fundi wa duka aliyekuja kuifunga."

"Umeona sasa," alisema Mama Pacha. "Kamera umenunua wewe. Kabati ni lako, umeme unalipa wewe. Lakini humu mwenye nyumba ameandikwa mgeni. Mmiliki ni yule. Akiwa popote, saa yoyote, anaiona sebule hii. Anasikia mnachosema. Na akitaka, anahifadhi video."

"Hata leo?" aliuliza Chaja.

"Kuona, mpaka Mama alipoifunika na kile kitambaa."

Mama Mkunga aliketi taratibu. Alianza kukumbuka. Kwenye kochi lile la sebuleni aliomba dua akilia siku ya kumbukumbu ya marehemu mumewe. Kwenye kochi lile, wiki iliyopita tu, binti yake alimweleza jambo la mwili wake ambalo bado hakuwa amemwambia mtu mwingine. Alimtazama binti yake. Binti alikuwa ameinamia vidole vyake. Walikuwa wakiwaza jambo moja.

"Alisema ndiyo njia ya haraka," Chaja alisema kwa sauti ndogo. "Nikamwachia kila kitu. Mimi, ninayejifanya najua vifaa."

"Unavijua vinafanya nini," alisema Mama Pacha. "Hukuuliza vinamfanyia nani."

Walianza kazi. Kwanza Mama Pacha alipiga picha za skrini: ukurasa wenye namba ya mmiliki, video yenyewe, jina la ukurasa uliorusha video, na tarehe. "Huu ni ushahidi," alisema. "Tukianza kurekebisha kabla ya kuuhifadhi, kesho atakana."

Kisha akachukua sindano, akabonyeza kitufe kidogo nyuma ya kamera mpaka taa yake ikawaka na kuzimika mara tatu. "Sasa imesahau kila mtu, na yule bwana pia. Isajili upya, shemeji. Kwa simu yako na barua pepe yako. Usimpe mtu akufanyie."

"Neno la siri niliache hili lililoandikwa kwenye kijitabu?"

"Kijitabu hicho kimo ndani ya kila boksi la kamera kama hii. Unadhani ni siri hiyo? Weka maneno manne yasiyohusiana, ambayo hata mkeo hawezi kuyabahatisha. Usiweke jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Halafu washa hapa, ili mtu yeyote akitaka kuingia, kwanza namba itumwe kwenye simu yako. Na ukiona programu inataka kusasishwa, isasishe siku hiyo hiyo. Mara nyingi watengenezaji wanaziba matundu ya kupenyea."

"Na kamera itakaa wapi?" aliuliza binti.

Mama Pacha alimgeukia Mama Mkunga. "Mama, wewe unasemaje?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. "Mwizi alipita ukutani," alijibu. "Hakupita kwenye magoti yangu. Itoeni nje, itazame geti. Na masikio yake yazibwe."

Chaja aliihamishia barazani saa ile ile, akazima kinasa sauti.

"Sasa twende duka la kamera," alisema Mama Mkunga.

"Mama, niachie mimi," alisema Chaja. "Wewe pumzika."

"Waliyemcheka ni mimi. Nitakwenda kwa miguu yangu."

Walikwenda wote wanne. Yule fundi alikuwa nyuma ya kaunta, shati lake limepigwa pasi kama kawaida. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa akihudumia wateja. Mama Pacha aliweka simu yenye picha za skrini juu ya kaunta, akaeleza kwa ufupi.

Fundi alitabasamu. "Mama, ule ulikuwa utani tu. Watu wamekupenda. Umekuwa maarufu."

Mwenye duka aliwaacha wateja, akasogea.

"Utani ni wa watu wawili," alisema Mama Mkunga. "Mimi sikuwapo kwenye utani wako. Nilikuwa kwangu." Hakupandisha sauti, lakini kila mtu alimsikia. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Nimeingia vyumba ambavyo hata waume hawakuingia. Nimeona miili, nimesikia siri za ndoa, nimejua mtoto yupi ni wa nani. Nionyeshe mtu mmoja katika mji huu aliyewahi kuchekwa kwa sababu ya mdomo wangu. Wewe umefunguliwa mlango siku moja tu, ukaondoka na sebule nzima mfukoni."

Fundi hakutabasamu tena.

"Ziko ngapi?" mwenye duka alimuuliza. "Nyumba ulizozisajili kwenye simu yako?"

"Bosi, ni kwa ajili ya huduma. Wateja wakipata tatizo, nawasaidia."

"Nimekuuliza ngapi. Weka simu hapa."

Alisita, kisha akaifungua, akaiweka. Orodha ilikuwa ndefu. Sebule, duka la dawa, sebule, jikoni. Jina moja lilikuwa limeandikwa "chumba cha watoto". Kwa jumla zilikuwa kumi na tisa. Mteja mmoja aliyekuwa akinunua balbu alisogea, akasoma, akasema polepole, "Hiyo ya saba ni kwangu."

"Usifute hata moja," Mama Pacha alimwambia yule fundi aliponyoosha mkono. "Polisi watataka kuiona hivyo hivyo."

Mwenye duka aliwaita polisi, wakaja wakaichukua simu. Mama Mkunga aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akijazia kadi za wazazi. Nakala aliipeleka katika ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao binafsi zimetumiwa bila ruhusa. Karani wa pale alimwambia kuwa wengi huona haya, hawaji. "Haya ni ya aliyetenda," alimjibu.

Video nayo ilitakiwa iondoke. Mama Pacha aliwafundisha majirani kubonyeza alama ya kuripoti na kuchagua sababu: mtu huyu amerekodiwa bila idhini. Muuza duka la sabuni alikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kisha alizunguka kwa kila aliyemtumia, akawaomba waifute. Alikuja nyumbani na sabuni mkononi, akasimama mlangoni.

"Mama, mimi nilidhani kwa kuwa imeshazagaa, si kosa langu."

"Ilizagaa kwa vidole," alisema Mama Mkunga. "Na vyako vikiwemo." Akaipokea sabuni.

Siku ya tatu ukurasa uliorusha video uliiondoa. Mama Pacha hakuwadanganya; aliwaambia huenda nakala zimebaki kwenye simu za watu wasiowajua. Jambo hilo lilimuuma Mama Mkunga, na liliendelea kumuuma. Lakini mwenye duka la kamera alipita sehemu zote kumi na tisa, akifuatana na Mama Pacha. Kila kamera ilisajiliwa upya na mwenyewe. Ile ya chumba cha watoto ilichomolewa. Fundi alifukuzwa kazi, na kesi yake ikafunguliwa.

Usiku wa siku ile waliyokwenda duka la kamera, Chaja alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Nisamehe, Mama. Niliingiza mtu nyumbani bila kukuuliza."

"Inuka," alisema. "Nilikutuhumu bila kukuuliza. Tumelingana." Binti yake alilitoa begi mlangoni, akarudisha nguo kabatini, moja moja.

Miezi minne baadaye Chaja alirudi kutoka kazini na boksi jipya. Lilikuwa na spika ndogo ambayo ukiiita inakuitikia na kukupigia muziki. Zamani angeifungua akiwa bado njiani. Safari hii aliiweka mezani ikiwa imefungwa, akawaita mkewe na mama mkwe wake.

"Ina kinasa sauti," alisema. "Sijaifungua. Ulizeni."

"Sauti zetu zinakwenda wapi?" aliuliza mkewe.

"Zinahifadhiwa kwa kampuni iliyoitengeneza. Nimesoma kuwa unaweza kuzifuta."

"Kampuni ina watu," alisema Mama Mkunga. "Nani kati yao anaruhusiwa kuzisikiliza?"

Chaja aligeuza boksi, akasoma maandishi madogo upande huu na upande ule. Alisoma kwa muda mrefu.

"Hapa hawasemi, Mama."

"Basi?"

Chaja alikuwa hajavua hata viatu. Alilikwapua lile boksi, akarudi nalo dukani kabla hawajafunga.