Msumeno Usiotimua Vumbi

Kornel alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli, Tabora. Mtu huyu alipenda mawe. Kila alipotumwa kazini Bukene alirudi na jiwe mfukoni. Nyumbani kwake Chemchem mawe yalijaa dirishani, juu ya kabati, hata chini ya kitanda.

Jiwe alilolipenda kuliko yote ni akiki. Kwa nje akiki haina sura, utadhani kiazi kilichotoka shambani. Lakini ukiikata, ndani utaona mistari myembamba ya rangi ya asali, mingine myeupe, mingine myekundu. Shida ilikuwa kuikata. Nyundo iliivunja vipande vipande. Msumeno wa kukatia chuma uliisha meno, na jiwe halikupata hata mkwaruzo.

Basi Kornel akapata mota kuukuu. Akaifungia diski nyembamba ya kunolea, akaiweka chumba cha nyuma. Kila jioni alikata. Jiwe lilikubali, lakini lilitoa vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Vumbi liliingia kwenye vyombo, kwenye nguo, na kwenye mtungi wa maji.

Nyamizi, mkewe, akaanza kukohoa. Walidhani ni mafua. Mafua gani hayaishi? Akapungua mwili. Akipanda kilima kidogo tu, anahema.

"Mama Pelagia, twende hospitali," Kornel alisema.

Njiani wote wawili walikuwa wakiuwazia ugonjwa mmoja, kifua kikuu, na hakuna aliyetaka kuutaja.

Daktari alimpima Nyamizi, akampiga picha ya kifua. Kisha akauliza, "Nyumbani kwenu kuna moshi mwingi, au vumbi?"

Nyamizi alimtazama mumewe. Kornel akaeleza yote, jasho likimtoka.

"Si kifua kikuu," daktari alisema. "Na mapafu yake bado ni mazima. Mmewahi. Lakini vumbi la mawe si sawa na vumbi la barabarani. Ni laini mno. Linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, linakaa huko na kutia makovu. Makovu yale hayana dawa. Wewe unayekata umo hatarini kuliko yeye."

Kornel alishusha pumzi. Walipotoka nje alisema, "Leo hii nayatupa mawe yote."

"Nani amekwambia utupe mawe?" Nyamizi alijibu. "Mimi nimechoka na vumbi. Katafute msumeno wa maana."

Jumamosi Kornel alikwenda mjini. Dukani alionyeshwa msumeno mkubwa wa mviringo, meno yake kama ya mamba.

"Huu unakata mninga kama muwa," mwenye duka alisema.

Kornel alitaka kuuchukua pale pale. Lakini moyo ukasita. Akaenda kwanza kwa mzee Abbasi, fundi wa pete karibu na soko, ambaye alikata vito miaka mingi.

"Shikamoo, mzee Abbasi."

"Marahaba, Kornel. Karibu. Za nyumbani?"

Kornel alimweleza habari ya kikohozi, kisha habari ya msumeno wa dukani. Abbasi akatikisa kichwa.

"Huo ni wa mbao. Ukigusa akiki, meno yatakatika na kuruka. Ungepoteza jicho. Njoo uone wangu."

Juu ya meza palikuwa na diski ya chuma, nyembamba, pana kama sahani ya wali.

"Mbona haina meno?" Kornel aliuliza.

"Meno yake ni chembe za almasi. Zimeshikizwa hapa ukingoni. Almasi ni ngumu kuliko akiki, kwa hiyo inaila polepole."

"Na vumbi?"

"Tazama chini." Diski ilikuwa imezama kidogo ndani ya karai la maji. "Inazunguka na maji. Maji yanaipoza, na vumbi linakuwa tope. Karai likikauka, simama. Usikate jiwe kavu hata mara moja."

"Ninunue ukubwa gani?"

"Wewe unakata mawe ya ukubwa gani?"

"Kama yai. Makubwa, kama ngumi."

"Basi diski kama hii inakutosha. Inakata jiwe lenye unene wa theluthi moja ya upana wake, si zaidi. Kubwa zaidi itakula mota kubwa na nafasi kubwa, bure tu. Mota iweke mbali na maji, iizungushe diski kwa mkanda. Jiwe libane kwenye jiriwa, usilisukume kwa nguvu. Vaa miwani ya kukinga macho. Na tope lifukie shimoni kabla halijakauka, maana likikauka ni vumbi lile lile."

Msumeno uliagizwa Nairobi, ukaja kwa treni. Kornel hakuuweka chumba cha nyuma. Alijenga banda wazi uani, mbali na jiko. Nyumba nzima waliipangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu kufagia kungelirusha vumbi upya.

Kikohozi kilipungua, kisha kikaisha. Daktari akapiga picha nyingine, akatabasamu. Alimpima na Kornel pia, akamkuta mzima.

Jioni moja Kornel alirudi kutoka kazini, akasikia mota inanguruma bandani. Nyamizi alikuwa ameketi pale, miwani usoni, mikono imelowa. Alizima mota, akafungua jiriwa. Jiwe likaachana pande mbili.

"Baba Pelagia, njoo uone!"

Ndani mistari ilizunguka, mmoja ndani ya mwingine, myekundu, na katikati palikuwa na kidoa cheupe kama maziwa.

"Hebu na mimi nikate," Kornel alisema.

"Subiri. Sijamaliza."

Kornel akavuta kigoda, akakaa. Nyamizi aliongeza maji kwenye karai, akafunga jiwe jingine, akaanza kuimba wimbo wa Jumapili. Aliuimba wote, beti zote, bila kukohoa.